Alama Tano Chini ya Gari la Margwe

Akonaay aliliona kosa kabla Injinia Kokuhirwa hajamaliza kuvuta kiti.

Picha mbili zilikuwa ukutani, bega kwa bega. Ya kushoto ilipigwa na puto mchana ule, saa saba na dakika kumi, juu ya boma la Margwe Panga. Ya kulia haikupigwa na mtu wala puto. Hiyo ilikuwa kazi ya Mwigo, mashine iliyokaa chumba cha nyuma ikikokotoa usiku na mchana: gari la uzito huu, lenye betri tumboni, likitoka mbio na kusimama juu ya udongo huu, chini ya jua hili, katika upepo huu unaoshuka kutoka mlima Hanang, litaiachia ardhi alama gani ya joto? Mwigo ukishajibu, jibu lake linawekwa kando ya picha ya puto. Zikilingana, mtu ana kesi.

Jambo lenyewe si gumu, ukilitoa maneno ya wasomi. Gari likikaa mahali tangu alfajiri, jua haliigusi ardhi iliyo chini yake. Ukiliondoa saa saba mchana, linaacha pale umbo la mstatili lenye ubaridi wa sakafu ya kanisa. Puto linauona ubaridi huo kuwa bluu. Lakini gari lililotoka safari lina betri ya moto, na betri hiyo huipasha ardhi kutoka juu, kama pasi inayoning'inizwa bila kugusa nguo. Ukiliondoa, katikati ya ile bluu kuna wekundu.

Pale kwa Margwe palikuwa na bluu, na katikati ya bluu palikuwa na wekundu.

"Digrii thelathini na nne," Injinia alisema, kidole ukutani. "Mwigo unasema thelathini na nne nukta mbili. Maana yake gari lilifika pale saa tano kasorobo, likiwa la moto. Na saa nne na nusu kuna gari la matairi mapana kama yake lililokata gamba upande wa mashariki. Kilomita tatu, mzee wangu. Kilomita tatu!"

Alisema kwa uchungu, na alikuwa na haki. Gamba lile lilikuwa ngozi ya mbuga. Watu walilipanda kwa mikono miaka kumi na minne, mwani na kuvu, kiganja kwa kiganja, mpaka vumbi likatulia na mvua ikakumbuka njia ya kurudi. Tairi likipita juu yake, pale panakufa kwa miaka ishirini. Ndiyo maana sheria ya bonde haikuwa na huruma: anayelikata, gari lake linasagwa, na kaya yake yote inavushwa ng'ambo ya ukingo, kwenye nchi kavu, isirudi.

Puto lilikuwa na jicho moja tu. Likitazama gamba, halitazami maboma. Kwa hiyo hakuna aliyeona gari la Margwe lilikuwa wapi saa nne na nusu. Iliyobaki ilikuwa ardhi, na ardhi ilikuwa imesema.

Ila ardhi haikusema hivyo. Injinia aliona doa moja jekundu. Akonaay aliona matano. Mawili makubwa, matatu madogo yamejikunja ubavuni mwa yale makubwa. Na pembeni kabisa, ulimi mwembamba wa bluu nzito, kama mtu amemwaga maji. Ule ulikuwa mkojo. Na yale matano yalikuwa mbuzi: wawili wazima na watoto wao watatu, waliolala chini ya gari asubuhi nzima wakikimbia jua, wakaipasha ardhi kwa matumbo yao. Mtu yeyote aliyekulia mbugani anajua gari likisimama kidogo tu, mbuzi wamekwisha kulifanya nyumba.

Alifungua mdomo kusema. Jicho lake likapanda juu ya picha, likakuta maandishi: Mmiliki, Margwe Panga. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Mbona kimya, mzee?"

"Naangalia."

"Kuna tatizo?"

Akonaay aliisikia roho yake ikisema maneno mawili, na hayakuwa maneno mazuri. Acha aende.

"Hakuna tatizo," alisema.

Injinia akamsogezea kibao. Mashine haikuruhusiwa kumshtaki mtu peke yake. Sheria ilitaka mtu aliyeijua ardhi kwa nyayo zake aweke dole kuthibitisha. Bonde zima lilikuwa na msomaji wa joto mmoja. Akonaay akaweka dole.

*

Kama ungemuuliza Akonaay, Margwe amekukosea nini, asingekuwa na la kukujibu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Walitoka jando moja. Waliacha shule mwaka mmoja, darasa la tano, wakaenda kuchunga. Wataalamu walipokuja kuufundisha Mwigo, waliwaajiri wote wawili. Margwe aliendesha magari ya majaribio. Akonaay alitembea nyuma yake na kipimajoto, anachuchumaa kwenye kila alama ya tairi, anapima, anaandika. Miaka kumi na miwili. Daftari sitini na nane. Magoti yalikwisha kwa kuchuchumaa. Kila kitu Mwigo ulichojua kuhusu udongo wa mbuga ile kilipitia vidole vyake.

Siku ya uzinduzi wageni wakauliza, nani aliufundisha? Margwe alikuwa ameketi kwenye usukani, meno yote nje. Wakampiga picha. Picha ile ilitundikwa kila shule ya bonde. Ukiitazama vizuri, nyuma ya gurudumu la kushoto utaona makalio ya mtu aliyeinama. Hayo ni ya Akonaay.

Margwe akapewa lile gari. Margwe akaalikwa kusema na watoto wa shule. Margwe akisimulia kisa, hata wafiwa wanacheka. Na hakuwahi kujisifu, mshenzi yule. Kila mara alisema, "Kazi ilikuwa ya Akonaay, mimi nilikaa tu." Watu wakacheka wakampenda zaidi kwa unyenyekevu wake.

Jioni ya siku ile ya dole, jua likiwa bado juu ya miti, alisikia sauti mlangoni.

"Hodi humu! Mhalifu anaingia, ficheni kuku!"

Mama Amsi, mkewe Akonaay, alicheka kabla hajamwona. Akonaay alikisikia kicheko kile kama mchanga kwenye ugali.

Margwe alikuja kwa miguu. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kibuyu cha maziwa, akanywa, kisha mzaha ukamwisha usoni.

"Wamelifunga gari langu mnyororo kama ng'ombe wa wizi. Kesho saa nne baraza."

"Nimesikia."

"Umesikia? Wewe ndiye msomaji, Akonaay. Si lazima dole liwe lako?"

"Sheria hainiruhusu kuongea kabla ya baraza."

"Sheria." Margwe alikitazama kibuyu. "Mimi na wewe tumelala ngozi moja porini tukiuguza vidonda, leo unaniletea sheria. Haya. Basi usiongee, sikiliza tu. Gari halikutoka. Lilikaa pale tangu juzi. Saa saba Mama Neema wangu akaniambia nilisogeze, anataka kuanika ulezi. Nikalisogeza hatua kumi. Kabla hajashika hata ufagio, puto likapita. Huo wekundu wanaousema sijui umetoka wapi. Mungu mmoja, sijui."

"Mwigo haukosei."

"Haukosei, ndiyo. Ulifundishwa na wewe." Alisema bila kejeli. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikaiambia nafsi yangu, ardhi ikisema uongo, Akonaay ataugundua. Kuna jicho gani lingine bonde hili?"

Margwe alisubiri, kisha akasimama, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Mama Neema ameanza kufunga vyombo," alisema. "Nimemwambia aache. Amekataa. Anasema ng'ambo kule hata sufuria hazipatikani."

Akaondoka.

Mama Amsi alibaki amesimama na kibuyu. "Mimi nilipita pale asubuhi kurudisha ungo," alisema. "Ilikuwa kama saa nne. Gari lilikuwepo, mbuzi wamejaa chini yake."

"Ulikwenda kwa Margwe?"

"Nilikwenda kwa Mama Neema."

"Kila siku ungo. Hauishi huo ungo?"

Mama Amsi alikiweka kibuyu chini. "Nakuambia mbuzi, wewe unasikia Margwe," alisema. "Baraza halitaki maneno ya majirani, linataka maneno ya ardhi, na mwenye maneno hayo ni wewe. Umeweka dole?"

Akonaay aliinuka akaenda kutazama ng'ombe, ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

*

Kesho yake aliamka akiwa na shauku moja: apate kukosea. Kama mbuzi hawapashi ardhi kiasi kile, basi yale madoa ni ya betri, basi dole lake ni halali, na moyo wake, hata ukiwa mchafu, haujamdhuru mtu.

Uani palikuwa na mkokoteni wa punda, na chini yake, kama kawaida, mbuzi walikuwa wameshajipanga kulikimbia jua la asubuhi. Alisubiri mpaka saa tatu. Akawafukuza, akachuchumaa, magoti yakalia, akachomeka kipimajoto pale palipolaliwa na mbuzi jike.

Thelathini na tatu nukta sita. Na jua lilikuwa bado halijakaza.

Akapima pembeni, kwenye kivuli kisicholaliwa. Ishirini na mbili.

Alikaa palepale chini. Hapo ndipo lilipomjia jambo jingine, baya kuliko la kwanza. Kwa nini Mwigo haukuwajua mbuzi? Ulijua mawe, ulijua majani, ulijua hata umande. Mbuzi wako kila mahali bonde lile. Kwa nini daftari sitini na nane hazikuwa na mbuzi hata mmoja?

Alijua kwa nini. Wataalamu walisema ardhi ya kupimia iwe safi. Na yeye, kila mara gari la majaribio liliposimama, alikuwa wa kwanza kuokota mawe. Miaka kumi na miwili aliwapiga mbuzi mawe, akawakimbiza mpaka mbali, kisha akarudi kupima akijiona mtu wa kazi. Wala hakuandika kwamba amewafukuza. Nani anaandika kwamba amefukuza mbuzi? Mwigo ulijifunza mbuga isiyo na mbuzi, na mbuga hiyo haikuwahi kuwako popote ila kwenye daftari zake.

Kesi thelathini na moja zilikuwa na dole lake. Nyingine zilikuwa za magari yaliyokamatwa njiani, hizo hazikuwa na shaka. Lakini kumi na tisa, kwa kuhesabu haraka, zilikuwa za gari lililosogezwa nyumbani, bluu na wekundu katikati. Picha hizo hakuwahi kuzitazama kama alivyoitazama ya Margwe. Wale hakuwaonea wivu, ndiyo maana hakuangalia sana. Mwigo ukisema ndiyo, naye alisema ndiyo. Ni Margwe peke yake aliyemfanya akodoe macho, kwa kuwa alitamani kuliona anguko lake mpaka punje ya mwisho.

Akinyamaza, Margwe anavushwa ukingo na habari inakwisha. Akisema, hatasema kuhusu Margwe tu.

*

Baraza lilikaa kwenye ghala la zamani la vitunguu. Mwenyekiti alikuwa Mama Bura, mwanamke mfupi aliyeendesha mambo kama anayepepeta mchele. Injinia Kokuhirwa alieleza picha. Margwe alisimama kando ya mkewe, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza watu walimwona hana neno. Walikuja wengi. Wengine walikuwa wanalia tayari. Akonaay alijiuliza, nami wangenililia hivi? Wivu ukamchoma, hata pale, hata saa ile.

"Msomaji," Mama Bura alisema, "dole ni lako?"

"Ni langu."

"Unalithibitisha?"

Akatazama ghala zima. Hapa palikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na baada yake angerudi nyumbani akiwa na kazi yake, na heshima yake ndogo, na bonde lisilo na Margwe.

"Silithibitishi," alisema. "Lile si joto la betri. Ni mbuzi watano."

Mtu wa nyuma akacheka. Akonaay akaenda kwenye picha, akaonyesha kwa kidole: jike, jike, mtoto mmoja, wa pili, wa tatu, na mkojo. Injinia alisogea karibu mpaka pua ikagusa ukuta. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipogeuka, uso ulikuwa umembadilika.

"Mwigo haujui mbuzi," alisema taratibu.

"Haujui. Niliwafukuza."

Akaeleza mawe yake yote. Hakujipamba. Akataja mkokoteni, digrii zake, na kesi nyingine za magari yaliyosogezwa nyumbani. Watu walikuwa wanaanza kupiga vigelegele kwa ajili ya Margwe, lakini Mama Bura aliinua mkono.

"Ngoja. Jana uliiona picha hii hii?"

"Niliiona."

"Mbuzi uliwaona leo, au jana?"

Hapo ndipo angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angejua.

"Jana. Nikaweka dole nikiwajua."

"Kwa nini?"

Akonaay alimtazama Margwe, kisha akatazama sakafu. "Kwa kijicho tu," alisema. "Hana alilonifanyia."

Mama Neema, mke wa Margwe, alitema mate chini. Margwe mwenyewe hakusogea.

Mama Bura hakuwa mtu wa hotuba. Gari lifunguliwe. Dole la Akonaay lifutwe kwenye daftari la wasomaji, lisiwekwe tena maisha yake yote. Puto liendelee kumtafuta mwenye matairi mapana. "Na hizo kesi nyingine za nyumbani?"

"Kumi na tisa," Akonaay alisema. "Sijui ngapi ni za mbuzi. Picha zipo."

"Basi zitasomwa upya, na Injinia. Na wewe utakwenda kwa kila mmoja wao ng'ambo ya ukingo, umwambie kwa mdomo wako. Hatutumi barua kwa jambo kama hili."

Injinia Kokuhirwa alikuwa ameshaanza kuandika. Mwigo ungefundishwa upya, na mbuzi wakiwamo. Kila sehemu ya Mwigo ilikuwa na jina la kesi iliyoizaa, hiyo ndiyo desturi ya kazi yao. Alisema kwa furaha, bila kujua anachokisema: "Tutayaita Marekebisho ya Margwe."

Watu walipiga makofi. Akonaay alipita katikati yao kwenda mlangoni, na hakuna aliyemzuia.

*

Alianza safari siku ya tatu, kwa miguu, na mfuko wa viazi vilivyochemshwa. Mama Amsi ndiye aliyevifunga. Hakuwa amefika hata kwenye daraja aliposikia tairi nyuma yake kwenye changarawe.

"Panda," Margwe alisema kupitia dirishani.

"Nitatembea."

"Kilomita arobaini, kwa magoti hayo? Utafika wamekwisha kufa kwa uzee. Panda, bwana."

"Mama Neema anajua?"

"Anajua. Amesema nikikuangusha mtoni asisikie kutoka kwa watu." Alifungua mlango. "Mimi bado nina hasira na wewe, usidhani. Nilikuja kwako nikanywa maziwa yako, nawe ulikuwa umeshanizika. Hilo sijalimeza. Lakini gari ninalo, na watu wale wamesubiri vya kutosha."

Akonaay akapanda. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyowahi kukiwazia, na alikichukia kwa ulaini wake. Walikwenda juu ya barabara halali, gamba pande zote mbili likiwa la kijani cheusi, mpaka walipouvuka ukingo na ukijani ukakatika kama uliokatwa kwa kisu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bati, peke yake kwenye vumbi. Aliyekaa pale aliitwa Fausta. Alikuwa mkunga wa bonde, na alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea wajawazito, mpaka siku aliposhtakiwa nayo, miaka minne iliyopita. Injinia alikuwa ameisoma picha yake jana usiku. Mbuzi watatu.

Fausta alitoka akijikinga jua kwa kiganja. Alipomwona aliye kwenye usukani, uso ulimfunguka.

"Margwe! Si Margwe wa kwenye picha huyu? Jamani, watoto, njooni mwone!" Akamshika mikono yote miwili, anacheka, na watoto wakatoka, na majirani wawili kutoka nyuma ya nyumba, wote wakimzunguka Margwe. Akonaay alisimama upande wa pili wa gari. Ule wivu ulirudi, mahali pake palepale, kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Margwe akajitoa mikononi mwa yule mama, taratibu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, leo mimi ni dereva tu," alisema. "Mwenye neno ni huyu."

Wakageuka wote. Fausta, watoto, majirani, macho yote yakamwacha Margwe yakamjia yeye, yakingoja, yakiwa bado na tabasamu.

Miaka yote ile alitaka watu wamtazame hivyo.

Akavua kofia.

"Jina langu Akonaay Tluway," alisema. "Dole lililokuleta hapa ni langu."